Dawa ya Chuma na Mgongo wa Mtunza Nyasi



Neno hili ni hasa kwa ninyi mnaotunza nyasi za mahoteli, shule na viwanja vya gofu kutoka Nyeri mpaka Nanyuki na Meru. Mvua za Machi zikianza, magugu ya majani mapana huota katikati ya nyasi ya Kikuyu, na msimamizi hutoa bomba la mgongoni. Mimi nimelibeba bomba hilo. Lilikuwa likivuja, na shati lililolowa dawa mke wangu alilifua pamoja na nguo za watoto. Hakuna aliyeniambia mle ndani mlikuwa na nini.

Dawa moja ijulikanayo sana kwa kazi hii ni 2,4-D, iliyoingia sokoni miaka ya 1940. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. "Huenda" si "hakika", nakubali. Lakini anayelowa mgongo ni sisi, si mgeni anywaye chai barazani.

Iko dawa nyingine, ya chuma. Wengine watacheka: udongo wetu ni mwekundu kwa chuma, mbona magugu yanastawi? Chuma cha udongoni ni kama kutu, hakiyeyuki majini kwa urahisi. Cha dawa kimeyeyushwa, nacho hunyunyiziwa jani lenyewe. Jani pana hukinywa kupita kiasi, likaungua na kuwa jeusi kwa siku moja au mbili. Nyasi hukipokea kidogo; yaweza kuingia weusi, kisha ikarudi, ila yafaa kujaribu kipande kidogo kwanza. Wala si jambo jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Ulaya na Marekani walinyunyiza salfeti ya chuma kuua haradali-mwitu katika nafaka, mpaka 2,4-D ilipoisukuma kando. Jimbo la Ontario, Kanada, lilipokataza 2,4-D katika nyasi za mapambo mwaka 2009, dawa ya chuma ikapata nafasi tena. (Viwanja vya gofu viliachwa kwa masharti. Wenye gofu hawakosi mlango.)

Mabwana watasema haimalizi kazi. Ni kweli, gugu lenye mzizi mrefu huchipuka tena, dawa hurudiwa baada ya wiki kadhaa, na mvua ikiwahi kunyesha kazi imepotea. Kwetu hizo ni siku za mshahara, na mizizi iliyobaki yataka mikono.

Lakini tusidanganywe kwamba chuma hakidhuru. Huumiza macho, ni hatari kwa mtoto akikinywa, na huacha madoa ya kutu kwenye saruji, ambayo msimamizi atataka kukukata mshahara kwa ajili yake. Glavu, miwani na buti si hisani: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wala asikoroge mbolea ya chuma ndooni akaiita dawa. Kwa Sheria ya 1982, dawa ya magugu lazima iandikishwe na bodi ya serikali.

Kabla ya mkutano wa tawi, kila mmoja asome karatasi ya mtungi anaoutumia, aandike jina la dawa, ampe mwakilishi wa chama. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake. Na mtungi usio na karatasi, tuleteeni habari zake kwanza.