NANI ATALIPA SIKU YA CHANJO?



Mpox, ndugu wa ndui, ulionekana Kenya mara ya kwanza Julai 2024, kwa dereva wa lori huko Taveta. Chai ya Kericho na Bomet nayo huteremka Mombasa kwa malori, na katika laini zetu watu hulala wengi chumba kimoja. Basi habari hii ni yetu.

Chanjo yake ni sindano mbili, wiki nne kati yake. Kule Tshuapa, Kongo, tangu 2017 wahudumu wa afya wapatao 1,600 walichanjwa na kupimwa damu. Kinga ilipanda sana baada ya sindano ya pili, kisha ikashuka. Habari ya sindano ya tatu waganga wangali wanaichunguza.

Lakini mchuma chai hulipwa kwa kilo. Ataiendeaje hata ya pili? Na mgonjwa huumwa wiki 2 hadi 4, hali sheria ya 2007 humpa, kwa uchache, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Hapana shaka ataficha vipele arudi shambani.

Twataka chanjo itakapoletwa mashambani, siku zote mbili zihesabiwe siku za kazi. Wajumbe walitie neno hili katika madai yajayo.