Msafiri, chunguza sahani kabla ya kuogopa chakula

Wako wengi mjini ambao pasipoti zao zimelala kabatini tangu Covid-19 ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, lakini hofu ingalipo. Ikiwa wewe ni mmoja wao, na nauli unayo, maoni yangu ni kwamba uanze tena kwa mji mmoja tu, ukae humo taratibu, ule na utazame. Nakupendekezea Oaxaca (hutamkwa Wahaka), kusini mwa Mexico.

Mji huo uko yapata mita 1,550 juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi, kwa hivyo mkazi wa Nairobi hatahema sana. Wa Mombasa na apumzike siku ya kwanza.

Kosa la msafiri mwoga ni kujifungia hotelini akala biskuti na soda wiki nzima. Huo si usalama wa afya. Nenda katika soko la 20 de Noviembre, uchague nyama, uchomewe kwenye makaa ukiona kwa macho yako. Viini vya maradhi ya tumbo haviuhimili moto. Jihadhari zaidi na kachumbari iliyooshwa kwa maji ya mfereji, matunda yaliyomenywa zamani na maji yenyewe. Hata wenyeji hununua maji ya kunywa. Kabla ya kuondoka, muulize daktari kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya A, na utie pakiti chache za chumvi ya kuongeza maji mwilini mkobani.

Mchuzi wao mashuhuri, mole, huwa na njugu na ufuta. Ambaye vitu hivyo humdhuru asionje hata kidogo. Tlayuda, ile chapati kubwa ya mahindi, aghalabu hupakwa mafuta ya nguruwe. Ikiwa huli, sema mapema.

Sisi walaji wa ugali tuna la kujifunza huko. Mahindi asili yake ni Mexico, na katika pango la Guilá Naquitz, karibu na mji huo, yalipatikana magunzi ya zaidi ya miaka 6,000. Wenyeji huyachemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa hulegeza ganda, huongeza madini ya kalsiamu na kuifungua niasini, aina ya vitamini B. Wazungu walichukua mahindi wakaiacha chokaa, na maskini wa Italia na Uhispania waliotegemea mahindi matupu wakapatwa na pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, kuharisha na hata kuvuruga akili.

Wasanii wa Oaxaca nao hawakitengi chakula. Mchoraji Francisco Toledo, aliyefariki 2019, alipinga mkahawa wa McDonald's kujengwa kwenye uwanja mkuu mwaka 2002 kwa kuwagawia watu tamale bure. Mkahawa haukujengwa. Kituo cha michoro alichoanzisha 1988 kingali mjini, pita hapo.

Lakini palipo na sanaa na chakula pamoja ndipo penye hatari ambayo wasafiri hawaifikirii. Vyungu vya kijani vinavyong'aa, kama vya kijiji cha Atzompa, kwa desturi hupakwa mng'aro wenye madini ya risasi. Ndimu na nyanya huyatoa madini hayo yakaingia chakulani. Huyaoni wala huyaonji, nayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Baadhi ya mafundi sasa hutumia mng'aro usio na risasi. Uliza "sin plomo", yaani bila risasi, na usipojibiwa vizuri, usinunue cha kulia. Vyungu vyeusi vya San Bartolo Coyotepec hung'aa kwa kusuguliwa tu, lakini vile vya kung'aa huvuja maji. Kimoja kitapendeza sebuleni.