Mwanasayansi, Rudi Utuambie

Wasee, tuseme ukweli. Hapa Kipsing gari la watafiti tunalijua hata kabla halijasimama. Wanashuka, wanauliza una mbuzi wangapi, maji unateka wapi, mvua ilikosa lini. Wazee wanajibu kwa adabu, chai inanyweka, gari linaondoka. Na matokeo? Yako kwenye jarida la Kiingereza ambalo hata kulisoma unalipia.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msinichukulie kama profesa. Lakini kuelezea watu vitu ndiyo kazi inanilisha, na hapo ndipo naona wasomi wengi wanafeli.

Na inawezekana. Januari 2010, kule Marsabit, watafiti wa mifugo wa ILRI na wenzao walileta bima inayotumia setilaiti. Sasa jaribu kumwambia mzee hivi: hatuhesabu ng'ombe wako waliokufa. Tunaangalia kutoka angani nyasi za eneo lenu zima. Kijani kikishuka chini ya kiwango tulichokubaliana, unalipwa. Ng'ombe akiliwa na simba, hiyo haimo. Usipomwelewesha hiyo sehemu ya mwisho, siku ya simba atakuita mwizi.

Timu hiyo, ikiongozwa na mchumi Mkenya Andrew Mude, ilitumia vibonzo, video na redio kuelezea. Mwaka 2016 Mude akapewa tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani. Kuelezea kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, si mapambo.

Kwa nini nakazana? Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mfugaji anaamua leo: auze ng'ombe akiwa bado na nyama, ama angoje? Ukimwambia "asilimia 40 ya mvua chini ya kawaida", umemwacha hapo hapo. Mwambie: misimu kama huu ikija mara kumi, minne huwa mibaya. Hapo mnaweza kuongea.

Kwa hivyo rudini. Semeni kwa Kisamburu, Kiturkana, Kiswahili. Lipeni vijana wa hapa watafsiri. Na mkibishiwa, kaeni msikilize; huyo mzee ameishi na hizo nyasi maisha yake yote.

Na wewe uko chuo: leo mtumie shosho sauti ya dakika tatu umweleze unasomea nini. Akikujibu na swali, hongera, umeeleweka. Akisema tu "Mungu akubariki", rudia.