Dungusi la Mviringo na Maji Yake

Siku hizi vijana wengi hupenda kuweka barazani lile dungusi la mviringo lenye miiba ya manjano, mfano wa mpira uliochomwa sindano. Twawasifu kwa kupenda mimea. Lakini twaona kwamba mingi yafa mikononi mwao, na kinachoiua si kiu bali ni maji.

Asili ya mmea huu ni Meksiko, kwenye magenge ya mawe ya majimbo ya Querétaro na Hidalgo. Majani yake yamegeuka kuwa miiba, nao huvuta hewa usiku, ili jua lisiunyang'anye maji. Mvua inyeshapo mwili wake hutanuka, na wakati wa ukame hunywea. Basi mwenye kuumwagia kila asubuhi kama mchicha aujaza mtungi usiopungua. Mizizi hukosa hewa, ikaoza, na uozo ukapanda ndani kwa ndani. Juu bado wang'aa, kumbe chini umekwisha.

Ndugu msomaji, chungu chako na kiwe na tundu chini. Nusu ya udongo iwe changarawe au mchanga wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi, haufai. Mwagilia hata maji yatoke chini, kisha ngoja mpaka udongo ukauke kabisa. Chomeka kijiti, kikitoka na unyevu, ngoja tena. Masika uingize chini ya paa. Mmea uliozoea kivuli usiutoe juani kwa ghafula, maana nao huungua. Na uuhamishapo uzungushie gazeti lililokunjwa mara nyingi, kwani miiba ile haina masihara.

Maua hayaji ila baada ya miaka mingi, pengine kumi na tano au zaidi. Mwenye haraka apande maboga.

Liko jambo jingine. Bwawa la Zimapán, lililojengwa katika miaka ya 1990, lilizamisha sehemu kubwa ya makao ya mmea huu, na wachuuzi nao waliung'oa kwa kuuza. Leo umo katika hatari ya kutoweka porini, ilhali vitaluni huoteshwa kwa mbegu kwa wingi. Kwa hiyo ununuapo, muulize muuzaji umetoka wapi. Ule wa kitaluni, hata ukiwa mdogo kama chungwa, twauona bora kuliko mkubwa ulioporwa mlimani.