Barua ya Wazi kwa Spika wa Bunge: Mikataba Ihojiwe Kabla ya Fedha Kuidhinishwa

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na kwa Waheshimiwa Wenyeviti wa Kamati za Kudumu za Bunge, Dodoma.

Waheshimiwa,

Nawaandikieni kwa taadhima inayostahiki nyadhifa zenu, na kwa uhuru ambao Katiba imempa kila raia, juu ya jambo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa ni la ndani ya kumbi za kamati na kwamba mtu wa nje hana sehemu nalo. Nalo ni mpango wa shughuli, yaani lipi litangulie, lipi lifuate, na lipi liahirishwe hata manufaa ya kulijadili yamekwisha. Kwa sura ni jambo dogo, bali kwa athari ni kubwa, kwa sababu Bunge lenye haki zote za kuhoji hulemaa likihoji baada ya wakati, na mkataba uliokwisha kutiwa saini, ukatekelezwa na ukalipiwa, hausikii tena hoja ya mtu yeyote isipokuwa ya mahakama.

Ibara ya 63 ya Katiba imelikabidhi Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 96 imeliruhusu kuunda kamati ili kazi hiyo ipate kutendeka. Ibara ya 143 imemweka Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye humkabidhi Rais taarifa yake, naye Rais akatakiwa ahakikishe kuwa imewasilishwa Bungeni kabla ya kupita siku saba tangu kuanza kwa mkutano unaofuata. Kwa mpango huo, kila mwaka mwezi wa Aprili taarifa ya ukaguzi hufika mikononi mwa wabunge wakati ule ule wanapoanza kuzipitia bajeti za wizara, na mgeni asiyeujua mwendo wa mambo yetu angedhani kuwa viwili hivi vimekutanishwa makusudi, ili mwenye kuomba fedha za mwaka ujao aulizwe kwanza alizifanyia nini za mwaka uliopita.

Mambo hayaendi hivyo. Taarifa huwekwa mezani, kisha hupelekwa kwa Kamati ya Hesabu za Serikali na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambazo huwaita maafisa masuuli, husikiliza majibu yao na kuandaa maoni, na mjadala kamili hungojea mwisho wa mwaka. Mwezi wa Aprili 2023 walikuwapo wabunge waliotaka taarifa ijadiliwe mara moja, wakajibiwa kuwa wasubiri Novemba, kamati zitakapokuwa zimemaliza kazi. Jibu hilo lina insafu ndani yake, na mimi silibezi, maana si haki kumhukumu mtu kabla hajajieleza. Lakini ilipofika Novemba bajeti ilikuwa imepitishwa tangu Juni, mwaka mpya wa fedha ulikuwa umeanza tarehe 1 Julai, na wale waliokuwa na hoja za kujibu walikuwa tayari wamekwisha kupewa mafungu mengine ya fedha.

Historia ya mikataba ya umeme inatosha kuwa shahidi. Mwezi wa Mei 1995 Shirika la Umeme, TANESCO, lilitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, iliyokusudia kujenga mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, na mkataba huo ulikuwa na sharti la kulipia utayari wa mtambo hata pale ambapo umeme hauzalishwi. Ubishi juu ya gharama ulifika katika baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ukarudi nyumbani, ukazaa ubishi mwingine, hata fedha zilizogombewa zikawekwa katika akaunti ya amana kwenye Benki Kuu, zikatolewa mwaka 2013. Kamati ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na Zitto Kabwe, ilileta taarifa yake Bungeni mwezi wa Novemba 2014, na nchi nzima ikakesha ikisikiliza habari ya fedha zilizozidi shilingi bilioni 300. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu, waziri mmoja aliondolewa, na waziri mwingine akajiuzulu mwezi wa Januari uliofuata. Ilikuwa ni kazi ya ushujaa, na waliohusika nayo wanastahili shukrani. Lakini hesabuni miaka, Waheshimiwa: kati ya saini ya mkataba na mjadala ule ilipita miaka 19.

Kabla ya hayo lilikwisha tokea la kampuni ya Richmond. Mwaka 2006 ukame ulipokausha mabwawa, Serikali ilitafuta umeme wa dharura, na kazi ya megawati 100 ikapewa kampuni hiyo, ambayo haikuweza kuuleta umeme kwa wakati, kisha mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Bunge liliunda Kamati Teule mwezi wa Novemba 2007 chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ya Februari 2008 ilifuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu, Edward Lowassa, pamoja na mawaziri wawili. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumhoji, na lalamiko hilo lafaa likumbukwe na kila mwenyekiti, kwa kuwa uchunguzi unaofanywa kwa haraka, baada ya hasira ya umma kupanda, huwa mgumu kuwatendea haki hata wale unaowachunguza. Na mwezi wa Novemba 2010 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa biashara iliamuru TANESCO iilipe Dowans kiasi kilichotajwa kuwa kama shilingi bilioni 94. Vyeo vilikuwa vimekwisha kuachwa, lakini deni lilibaki pale pale. Bunge linalokuja katika hali kama hizo ni sawa na fundi aliyeitwa kuukagua msingi wakati nyumba imekwisha kuezekwa na wapangaji wamekwisha kuhamia: nyufa ataziona, na kila atakalosema litakuwa kweli, ila kilichobaki ni kubomoa au kuvumilia.

Fauka ya ucheleweshaji, liko tatizo la mipaka kati ya kamati na kamati. Mwaka 2013 Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma ilifutwa na kazi zake zikaongezwa juu ya mzigo wa Kamati ya Hesabu za Serikali, na baadaye ikaundwa Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Mkataba mmoja wa shirika kama TANESCO waweza leo kutazamwa na kamati ya kisekta kwa upande wa sera, na kamati ya hesabu kwa upande wa matumizi, na kamati ya uwekezaji kwa upande wa mtaji. Na penye wasimamizi watatu wasiokubaliana nani atangulie, kila mmoja hupata udhuru wa kusema kuwa zamu haikuwa yake. Wala kamati zenyewe hazikukingwa na vishawishi, kwani mwezi wa Julai 2012 Spika alilazimika kuivunja Kamati ya Nishati na Madini baada ya shutuma za rushwa kutajwa ndani ya Bunge. Shughuli inayopangwa faraghani, kwa hiari ya wachache, ndiyo inayowapa wenye maslahi mlango wa kuingilia.

Liko pia tatizo la kunyimwa karatasi. Mwezi wa Novemba 2014 kamati ya hesabu ilifikia hadi ya kuamuru viongozi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, wakamatwe kwa kutowasilisha mikataba ya gesi iliyokuwa imeiomba. Kamati inapohitaji polisi ili isome mkataba uliofungwa kwa jina la wananchi inaowawakilisha, hapo sheria imepungukiwa na kitu. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kupitia masharti hasi katika mikataba ya maliasili na rasilimali za nchi, likajipa haki ya kuarifiwa mikataba hiyo na kuitaka Serikali irudi mezani kuijadili upya. Ilikuwa hatua njema. Lakini mkataba wa barabara, wa mfumo wa kompyuta, wa ununuzi wa vifaa vya hospitali au wa umeme unaweza kuifunga Hazina kwa miaka mingi vile vile, nao hauna mlango wa namna hiyo. Hata makubaliano ya Serikali yetu na ya Dubai juu ya bandari, ambayo Bunge liliyaridhia tarehe 10 Juni 2023, yalifika kwa wananchi na tangazo la siku chache tu la kutoa maoni, na kelele zilizofuata zilitokana kwa sehemu kubwa na pupa hiyo.

Najua majibu yatakayotolewa. Litasemwa kwamba siri za biashara zitavuja, na kwamba wawekezaji watakimbia. Lakini kamati zinayo desturi ya kukaa faraghani inapobidi, na mwekezaji mwenye nia njema yu salama zaidi katika mkataba uliosomwa na Bunge kuliko katika mkataba utakaokuja kufukuliwa na Bunge jingine. Litasemwa vile vile kwamba kazi itachelewa; nami nasema kuwa majuma machache ya kusoma ni nafuu kuliko miaka ya mashauri katika mabaraza ya nje.

Kwa hiyo naomba mambo manne, ambayo ibara ya 89 inawaruhusuni kuyaweka katika Kanuni za Kudumu. La kwanza, kabla fungu la wizara yoyote halijapitishwa, kamati ya hesabu iweke mezani maelezo mafupi ya mikataba ya wizara hiyo iliyotiliwa shaka na Mdhibiti, na waziri ayajibu hayo kabla ya kupewa fedha. Uchambuzi mrefu na uendelee hadi Novemba. La pili, kila mkataba unaoifunga Serikali kulipa kwa miaka mingi, au kulipa hata pasipopatikana huduma, ufikishwe kwa kamati ndani ya muda uliotajwa, na itamkwe waziwazi ni kamati ipi. La tatu, wajumbe wakifika theluthi moja ya kamati wapate haki ya kuliingiza shauri katika ratiba, na likiahirishwa, sababu iandikwe na isomwe hadharani. Desturi ya kumpa mpinzani uenyekiti wa kamati ya hesabu ilikuwa nzuri, ila wapinzani wakiwa wachache mno, desturi peke yake haitoshi kuwa kinga. La nne, kila azimio la Bunge juu ya mkataba liwe na tarehe ya kutekelezwa, na Serikali irudi siku hiyo kueleza lililofanyika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, na linaandikwa na wakaguzi hodari. Hata mwaka 2019, Bunge lilipoazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad aliyekuwa Mdhibiti wakati huo, baada ya yeye kulitaja kuwa dhaifu katika kuyafuatilia anayoyaibua, ukaguzi haukukoma. Ubishi ule ulipita na waliokuwamo wameondoka katika nafasi zao, lakini swali lililouzaa halijajibiwa, nalo halitajibiwa kwa maneno. Litajibiwa mwezi wa Aprili ujao, siku waziri wa kwanza atakaposimama kuomba fedha, na mwenyekiti wa kamati akasimama mbele yake na orodha ya mikataba, akamwomba aanze na hiyo.

Nabaki, kwa heshima na utiifu kwa Katiba,

Raia mwenzenu,
Tanga