Wito kwa Wenye Mizigo wa Bukavu

Katika nchi zenye farasi wengi, mtu ambaye farasi wake amekakamaa mgongo hakosi cha kununua. Yako mablanketi yenye mota ndogo ndani, yanayotetema juu ya mgongo wa mnyama. Ziko mashine za mkono zinazogonga misuli kwa kasi, brashi za mpira za kusugulia, na mafuta ya kila harufu. Blanketi moja la namna hiyo huweza kugharimu mamia ya dola. Lakini daktari wa wanyama anayeijua kazi yake huuliza mambo mengine kwanza. Tandiko linamkaa vizuri au linambana? Kwato zake zikoje? Anayempanda ana kilo ngapi? Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba farasi asibebeshwe zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake, mpandaji na tandiko pamoja. Farasi wa kilo 450 anaishia kwenye kilo 90.

Bukavu hatuna farasi wa mizigo. Tuna akina mama.

Ndugu zangu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, nimeanza na farasi kwa sababu ya aibu. Mnyama anaulizwa habari ya mzigo kabla ya habari ya dawa. Mama anayepandisha gunia la makaa kutoka Beach Muhanzi, kamba imemkaza paji la uso na shingo imeinama mbele, haulizwi na mtu. Jioni akifika nyumbani hawezi kugeuka kitandani, tunamwonea huruma, na mwenye moyo mwema anamnunulia kichupa cha dawa ya kuchua. Huruma hiyo ni njema. Imechelewa tu.

Siwaandikii akina mama hao, maana wao wanayajua haya kuliko mimi. Nawaandikia ninyi mnaowaita: mwenye kujenga anayepandisha saruji na mchanga kwenye lupango lisilofikiwa na gari, mwenye butike, mama wa nyumbani aliyenunua mihogo sokoni Kadutu, na mimi nikiwa mmoja wenu.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya, Wakikuyu na Wajaluo. Wajaluo walibeba mzigo juu ya kichwa; Wakikuyu walibeba mgongoni kwa kamba iliyopita kichwani, namna ile ile tunayoiona hapa kila asubuhi. Watafiti walipima hewa wanayotumia wakitembea. Wakakuta kwamba wanawake hao, waliobeba tangu utotoni, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mzigo ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda. Asilimia 20, kama farasi! Nilipoiona namba hiyo nilikaa kimya kidogo. Tena walipimwa wakitembea mahali tambarare, na anayejua mlima wa Nyamugo wakati wa mvua anajua kwamba tambarare si habari ya kwetu.

Fanyeni hesabu wenyewe. Mama wa kilo 55, asilimia 20 yake ni kilo 11. Mfuko wa unga wa kilo 25 ni karibu nusu ya mwili wake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni zaidi ya asilimia 90. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa kawaida kwa mwanaume mzima, na likasema mzigo wa mwanamke uwe chini sana ya hapo. Hapa mama hubebeshwa mzigo wa mwanaume huyo na watu wanapita.

Sidai kwamba kuanzia kesho kila mzigo uwe kilo 11. Akina mama wangenicheka, na wana haki. Wanalipwa kwa safari. Ukimpunguzia mzigo na ukapunguza faranga pia, umempunguzia chakula cha watoto. Ndiyo maana wito wangu wa kwanza unagusa mfuko wa mwenye mzigo. Gunia ligawanywe, safari ziwe mbili, na kila safari ilipwe kamili. Nani atalipa? Wewe mwenye mzigo. Ukishaweza kununua mifuko kumi ya saruji, usiseme bajeti imevunjwa na bei ya kuipandisha. Na yule anayesimama nusu saa akibishana na mama juu ya faranga mia mbili, halafu jioni anakaa kwenye bia bila kuhesabu chupa, ajitazame vizuri.

Inasaidia sana kuwa na mizani. Mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wauza nyama na samaki wanaijua, si ghali, na kamati ya soko inaweza kuifunga mahali pa wazi ambapo kila mmoja anasoma. Mzigo ukipimwa, ubishi wa "ni mdogo tu, mama" unakwisha. Toroli nazo zinunuliwe kwa ajili ya njia zinazopitika, lakini tusijidanganye: sehemu kubwa ya kartiye zetu ni ngazi, mifereji na vijia vya mtu mmoja, na huko gurudumu halifiki.

Sasa tuje kwenye vifaa vya kukanda, maana wapo walioniuliza wachangie nini. Msianze na mashine ya umeme. Ruzizi inatoa umeme mlangoni petu, na bado tunaijua delestaji, yaani kukatiwa umeme, kuliko jirani zetu. Mashine isiyo na chaji ni uzito mwingine ndani ya mkoba. Hizi mashine ndogo za kugonga misuli, zinazoletwa sasa na wasafiri, zinafaa kwenye mnofu wa paja au wa bega. Zikipelekwa kwenye uti wa mgongo, mbele ya shingo au juu ya figo zinaumiza, na mtu aliyechoka hupenda kuzikandamiza hapo hapo panapouma.

Ningenunua kwanza termosi kubwa, beseni, taulo nene na mafuta mepesi yasiyowasha. Taulo lililochovywa katika maji ya moto, likakamuliwa, likajaribiwa kwanza kwenye mkono wa anayekanda, linalegeza mgongo kwa dakika kumi au kumi na tano. Baada ya hapo mikono ifuate, polepole, kandokando ya uti na si juu yake, kisha mabega na chini ya kisogo ambako kamba inavuta siku nzima. Mpira mdogo wa tenisi unamsaidia mama asiye na wa kumkanda: anauweka kati ya bega na ukuta, anaegemea na kujisogeza. Dawa zinazowasha zisipakwe pale ambapo kamba imechubua ngozi. Na ile desturi ya kumlaza mtu ili mwingine amkanyage mgongo kwa miguu, au kumvuta shingo mpaka ilie, tuiache kabisa.

Kukanda kunatuliza maumivu kwa muda. Hakuponyi kila mgongo. Mama mwenye ganzi inayoshuka mguuni, aliyelegea mguu, asiyeweza kuzuia mkojo, mwenye homa pamoja na maumivu, au aliyeanguka na mzigo, asikandwe na mtu yeyote barazani. Apelekwe hospitali. Vivyo hivyo aliyevimba na kuumwa shavu la mguu mmoja. Mjamzito asikandwe mgongo wala tumbo na asiyefundishwa, na zaidi ya hayo asibebe. Mjini kwetu wapo wataalamu wa kinesiterapia, wakiwemo wa kituo cha Heri-Kwetu kinachojulikana kwa kuhudumia watu wenye ulemavu. Ningefurahi kuona kila shirika la parokia na kila kikundi cha kanisa kikimwalika mmoja wao Jumamosi moja awafundishe vijana wawili au watatu namna ya kukanda na namna ya kutambua hatari.

Kuna kifaa kimoja zaidi, na kwangu kinapita vyote. Ukiwatazama akina mama hawa kwa makini utaona kwamba shida kubwa haiko katika mwendo peke yake. Iko zaidi katika kuinuka. Mzigo uko chini, mama anakaa mbele yake, anavaa kamba, watu wawili wanausukuma, naye anasimama kwa magoti yanayotetemeka. Akitaka kupumzika njiani anaogopa kuutua, kwa kuwa atauinua na nani? Kwa hiyo anapanda mlima wote bila kutua. Huko Nepali, ambako wapagazi nao hubeba kwa kamba ya kichwani, wanavijiji tangu zamani walijenga kando ya njia majukwaa ya mawe, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa kivuli. Mpagazi anageuka, anaegesha mzigo nyuma yake bila kuinama, anapumua, kisha anaondoka tena bila kuomba msaada.

Nasi tunaweza kujenga kifaa hicho: matofali tunayo, mafundi tunao. Kila avenyu yenye mlima ichague mahali pawili, chini na katikati, kisha ijenge benchi pana lenye urefu wa kiuno cha mama, lisilozuia mfereji wa maji. Kabla ya kujenga waitwe akina mama wenyewe waseme liwe wapi na liinuke kiasi gani, maana fundi akikisia urefu kwa kiuno chake mwenyewe atajenga meza ya wauza nyanya. Chifu wa avenyu aambiwe mapema, na wauzaji waelewane kutopanga bidhaa juu yake. Mwenye lupango linalopakana na njia atoe hatua moja ya ardhi. Vijana watoe Jumamosi moja. Mwenye butike atoe saruji, na mifuko hiyo ipandishwe na sisi wanaume.