Nani somo wa nyumba yenu?

Mwezi huu naomba tuweke pembeni mambo ya mahari, wivu na simu za usiku. Tumwongelee mtu mmoja ambaye yumo ndani ya nyumba zenu nyingi, anakula nanyi, anaangalia tamthilia nanyi, lakini moyoni mwake hakuna anayejua kuna nini.

Namzungumzia binti wa miaka 13, 14 au 16. Pengine ni mtoto wenu wa kuzaa. Lakini kwa wanandoa vijana, mara nyingi ni mdogo wake mke, au mpwa wa mume aliyeletwa mjini kusoma sekondari. Wakati mwingine ni dada wa kazi ambaye, tukisema ukweli, naye ni mtoto tu.

Haya, niambie. Nani anaongea naye?

Uliza swali hili Chumbageni, uliza Ngamiani, vuka hadi Muheza na Korogwe, utasikia majibu yale yale. Mume atasema, "Hayo mambo ya kike, bwana, aongee na shangazi yake." Shangazi yuko Handeni na anakuja mjini siku ya arusi tu. Mke atasema, "Si wanafundishwa shuleni?" Mwalimu atasema hiyo ni kazi ya wazazi. Na nesi wa kliniki? Yeye mara nyingi anamwona binti kwa mara ya kwanza tumbo likiwa limeshajitokeza.

Msidhani natia chumvi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshawahi kushika mimba. Utafiti kama huo wa 2015-16 ulikuta 27. Tumesogea, ndiyo. Lakini 22 ni zaidi ya mmoja kati ya kila watano!

Wazee wa pwani walijua haya ina nguvu

Sasa basi, kabla hatujalaumiana, tukumbuke jambo moja. Huku kwetu pwani, toka Tanga, Pangani mpaka Bagamoyo, mama hakutegemewa kumkalisha binti yake chini na kumweleza mambo ya mwili. Binti akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, mtu mzima mwingine aliyechaguliwa kwa kazi hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaandika mambo ya unyago na makungwi katika kitabu chake *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Kwa wavulana kulikuwa na jando. Ukivuka mpaka ukaenda Uganda, Waganda wana ssenga, yaani shangazi, dada wa baba, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo.

Kwa nini hakuwa mama? Kwa sababu wazee walijua kwamba kati ya mzazi na mtoto kuna haya, na haya hiyo haiondoki kwa kuambiwa tu "ongeeni wazi". Walichofanya ni kumtafuta mtu ambaye mtoto hamwonei haya, lakini anamheshimu.

Simaanishi turudi kule kule. Mafunzo mengi ya unyago yalimwandaa binti kumfurahisha mume, na mengine yalimsukuma kwenye ndoa kabla hajakomaa. Hilo hatulitaki. Ila ninyi vijana wa mjini, mlipoacha unyago mliacha mafunzo yake, na bahati mbaya mkamwacha na somo mwenyewe. Nafasi yake iko wazi. Na nafasi ikiwa wazi kuna watu wa kuijaza: kijana wa bodaboda, mpangaji wa chumba cha uani, au rafiki wa darasani ambaye hajui zaidi yake.

Shule peke yake haitoshi

Ukiniambia shule itamaliza kazi hii, nitakupeleka Mwanza. Kuanzia mwaka 1999 kulikuwa na mradi mkubwa ulioitwa Mema kwa Vijana. Jamii 20 zilihusika: 10 zikapata mradi na 10 zikawa za kulinganisha. Walimu wa shule za msingi walifundishwa, vijana wakafundisha wenzao, na wauguzi wa zahanati wakaelekezwa namna ya kumpokea kijana bila kumfokea. Matokeo? Vijana walijua mambo mengi zaidi kuliko wenzao. Lakini watafiti walipowafuatilia mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana karibu 14,000, hawakuona maambukizi ya Virusi vya UKIMWI yakipungua kwa sababu ya mradi.

Yaani kichwa kilijua, ila maisha nje ya darasa yalibaki vile vile. Binti alirudi kwenye nyumba ile ile ambayo hakuna anayeongea.

Kenya magharibi walijaribu njia nyingine. Wakawaita wazazi wa watoto wa miaka 9 hadi 12, kabla mambo hayajaanza, wakawafundisha namna ya kuzungumza na watoto wao. Mradi unaitwa Families Matter. Mwaka mmoja baadaye wazazi walisema mazungumzo yameongezeka, na watoto wenyewe, walipoulizwa pembeni, wakasema hivyo hivyo. Samaki mkunje angali mbichi, si ndiyo? Na Uganda watafiti waliwachukua masenga wa vijijini wakawapa elimu mpya ya UKIMWI na magonjwa ya zinaa, ili kazi iwe ile ile lakini maneno yaendane na wakati.

Hapa kwetu, wakunga wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Japani wametumia picha zinazosimulia hadithi kufundisha vijana wa shule, na wakatumia njia hiyo hiyo kwa wajawazito pamoja na ndugu zao. Naomba uone hapo: pamoja na ndugu zao. Muuguzi mzuri anajua kwamba anayeingia kliniki ni mtu mmoja, lakini anayeumwa au kupona ni nyumba nzima.

Moyo nao ni sehemu ya mwili

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tukisema "afya ya uzazi" tunafikiria hedhi, mimba na magonjwa. Tunasahau kwamba binti huyo huyo ana moyo. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Moja. Kati ya saba. Hesabu watoto wa mtaani kwenu.

Na haya mawili yanavutana. Binti mwenye sonona, anayejiona hana thamani, ni rahisi kumkubali mtu wa kwanza atakayemwambia yeye ni mzuri. Na binti aliyepata mimba akiwa kidato cha pili, akatukanwa na kufungiwa ndani, anaweza kuingia kwenye sonona ambayo haionekani kwenye kipimo cha damu. Ndiyo maana nasema mazungumzo ya mwili na mazungumzo ya moyo ni mazungumzo mamoja. Ukiyatenganisha, umefanya nusu ya kazi.

Utamjuaje? Usisubiri alie. Angalia kama usingizi umebadilika, kama chakula hakipandi, kama anajitenga na marafiki, kama alama za shule zimeporomoka, kama hasira zimekuwa karibu, kama kila siku ni kichwa au tumbo na hospitali hawaoni kitu. Ikipita wiki mbili hali ni ile ile, hayo si "mambo ya ujana" tena. Na akisema anatamani kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Najua wengine mtasema ana jini. Sawa, kama mna sheikh au mchungaji mnayemwamini, mwoneni. Lakini na hospitali mwende. Watu wakisikia hospitali ya magonjwa ya akili wanawaza Mirembe, Dodoma, wanaogopa. Wanasahau kwamba Lutindi, juu ya milima ya Usambara huko Korogwe, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kabla ya hapo, kuanzia 1896, ilikuwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mkoa wetu si mgeni wa jambo hili. Na walio wengi hawahitaji kulazwa popote, wanahitaji kusikilizwa mapema.

Nani wa kusikiliza? Zimbabwe wana jibu zuri. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao ni takriban 14 kati ya 100 tu waliobaki na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Wale walikuwa watu wazima, lakini somo letu ni lile lile: bibi aliyefundishwa kusikiliza ni dawa.

Sasa ninyi wawili mfanye nini?

Kwanza, chagueni somo. Kaeni mkubaliane kwa majina: kwa binti huyu ni nani, na kwa kijana wa kiume ni nani. Anaweza kuwa mama mdogo, shangazi, mjomba, au muuguzi mnayemfahamu. Awe anajua mambo, awe si mtu wa kupayuka, na mtoto mwenyewe ampende. Muulizeni mtoto! Msimchagulie kama sare ya shule.

Pili, mpeni somo nafasi. Akiambiwa siri ndogo ndogo, msimbane azitapike. Kuna mambo mawili tu ambayo lazima mjulishwe: maisha ya mtoto yakiwa hatarini, au kuna mtu mzima anamchezea. Na hilo la pili lisimalizwe kifamilia kwa mbuzi na pole. Kisheria, kufanya tendo la ndoa na binti wa chini ya miaka 18 asiye mkeo ni ubakaji, hata kama "alikubali". Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Simu namba 116 ya kusaidia watoto ni bure.

Tatu, mpelekeni kliniki akiwa mzima. Ulizia huduma rafiki kwa vijana kwenye kituo cha afya cha karibu. Nesi akizoeleka kabla ya tatizo, siku ya tatizo atakimbiliwa.

Nne, na hili ni la ninyi wawili. Likitokea la kutokea, msianze ule wimbo wa "mdogo wako huyo!" na "ungekuwa nyumbani mapema!" Nyumba nyingi hazivunjwi na mimba ya binti, zinavunjwa na lawama zinazofuata. Mke anaacha kulala, mume anahamia baa, mtoto anaona yeye ndiye balaa. Hapo wagonjwa ni watatu, na wote wanahitaji mshauri.

Tano, msimnyime shule. Wengi bado wanakumbuka kauli ya 2017 kwamba aliyejifungua harudi darasani. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Kwa hiyo binti akipata mimba, swali la kwanza nyumbani lisiwe "nani atamuoa". Liwe "mtoto atalelewa na nani saa za shule". Mkilijibu hilo, mmemrudishia mambo mawili kwa mpigo: masomo, na sababu ya kuamka asubuhi.

Mume unayesoma hapa ukidhani haya ni ya mkeo, hebu subiri kidogo. Binti akiona baba au shemeji wa nyumbani anamsalimia kwa heshima, anamuuliza habari za shule na kungoja jibu, anajifunza mwanaume mwenye adabu anafananaje. Huyo wa bodaboda atapata kazi ngumu kumdanganya.

Basi wapenzi, usiku wa leo mkishazima televisheni, ulizaneni swali moja tu: somo wa nyumba yetu ni nani? Kama wote mmekaa kimya, kesho asubuhi mpigieni simu mama mdogo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Pendaneni.